Sikutaka Kiti, Nilitaka Siku

Saa tatu u nusu asubuhi, bahari ya Mkwajuni, kijiji kilicho kusini mwa Msambweni, inarudi nyuma taratibu. Twaiba Issa hana saa. Amesimama ufukweni na rundo la kamba begani, macho yake yako kwenye jiwe moja jeupe, jiwe la mpaka wa shamba lake. Jiwe linapochomoza kichwa, anakaza leso kiunoni na kuingia majini.

"Leo mwezi kumi na sita," anasema bila kugeuka. "Kesho tutafika, kesho kutwa pengine. Baada ya hapo basi."

Shamba lake ni la mwani. Kamba zimenyooshwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kila baada ya shibiri moja limefungwa shada la mwani wa rangi ya kahawia. Anainama, anafungua shada lililokomaa, analitia kwenye gunia linaloelea nyuma yake, anafunga mbegu mpya mahali pake. Vidole vinafanya kazi bila kutazamwa. Anaweza kuzungumza na wewe nusu saa na usione kamba ikisimama.

Wakulima wa mwani hawahesabu kwa Jumatatu na Jumanne. Wanahesabu kwa mwezi wa angani: mwezi kumi na sita ni siku ya kumi na sita tangu uandame. Siku chache baada ya mwezi kuandama, na siku chache baada ya kuwa mpevu, bahari hukupwa sana na mashamba hufikika kwa muda wa saa tatu hivi. Hayo ni maji ya bamvua. Katikati huwa maji mafu. Bahari haiendi mbali, mashamba hayafikiki, na wanawake hukaa nyumbani wakianika walichovuna.

Twaiba ana miaka thelathini na tisa na watoto watatu. Mumewe huendesha bodaboda Lunga Lunga. Mwani mkavu unanunuliwa shilingi thelathini kwa kilo, na mwezi mzuri yeye hupata kama elfu sita. Mwani huchukua siku arubaini na tano kukomaa. Ukishakomaa usipovunwa, hukatika na kuchukuliwa na maji.

"Ukikosa bamvua moja, umengoja wiki mbili," anasema. "Ukirudi unakuta kamba tupu. Bahari haikungoji umalize mkutano."

Neno hilo, mkutano, analisema huku akicheka kidogo. Kwa miaka mingi mkutano ndio uliokuwa shida yake.

Wakulima wote wa Mkwajuni wako katika Kikundi cha Tuinuane. Wanachama ni sitini na wanane. Sitini na mmoja ni wanawake wanaoingia baharini. Saba ni wanaume, ambao hulinda ghala, hupima mizigo na kuzungumza na mnunuzi. Kikundi kina miaka kumi na sita, na katika miaka hiyo yote kimekuwa na mwenyekiti mmoja, Mzee Boga Tsofa.

Hata jina lake limeanza kusahaulika. Watoto wa kijiji humwamkia, "Shikamoo, Mwenyekiti." Kila mkutano huja na kiti chake cha plastiki cha buluu, amekishika kwa mgongo. Wanawake wana mzaha wao wa zamani kwamba yeye ndiye mwenye kiti kweli, wao ni wenye mikeka.

Kwa Twaiba si mwenyekiti tu. Ni ami yake, ndugu mdogo wa marehemu baba yake.

"Yeye ndiye aliyeleta mbegu za kwanza za mwani hapa," anasema. "Alizipakia kwenye pikipiki kutoka mpakani, ndani ya magunia yaliyoloweshwa, akawa anasimama njiani kila mara kuzimwagia maji. Watu walimcheka, wakamwambia ameenda kununua taka za bahari. Mimi nilikuwepo. Siwezi kusema hakufanya kitu."

Basi shida ilikuwa wapi?

Shida ilikuwa katika mstari mmoja wa katiba ya kikundi. Mstari huo unasema: "Mkutano mkuu na uchaguzi utafanywa mwezi tatu, mfungo mosi, saa nne asubuhi." Mfungo mosi ni mwezi unaofuata Ramadhani. Kwa hiyo ni siku ya tatu ya Idi.

Ulipoandikwa, mstari huo ulikuwa na maana yake nzuri. Kikundi kilianza kama chama cha kusaidiana kwa mazishi na arusi, kabla mwani haujafika. Nusu ya wanachama walikuwa wakifanya kazi kwenye hoteli za Diani na majumba ya Mombasa. Siku ya tatu ya Idi ndiyo siku ambayo kila mtu yuko kwao, ameshamaliza kutembelea jamaa, hajapanda gari kurudi kazini.

Miaka miwili baadaye mwani ukaja. Wanawake wakaacha kazi za hoteli, wakaingia baharini. Mstari ukabaki pale pale. Na mwezi tatu, saa nne asubuhi, mwaka wowote ule, bahari ya Mkwajuni huwa imekupwa kabisa.

"Uchaguzi ulikuwa unafanywa sisi tukiwa huku," Twaiba anasema, akionyesha maji yaliyomfika magotini. "Tunaona watu wamesimama pale mbele ya ghala, wadogo kama kunguru. Mara tunasikia makofi. Tunaulizana, nani? Mwenzako anakujibu, nani mwingine?"

Uchaguzi wa mwisho ulihudhuriwa na watu kumi na saba. Kura zilipigwa kwa mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Kumi na tano walisimama nyuma ya Mzee Boga. Wawili waliobaki, kwa mujibu wa waliokuwepo, walikuwa wamefuata kivuli cha ghala.

Bi Zainabu, mkulima mkongwe kuliko wote, ana miaka sitini na saba na bado anavuna kamba zake mwenyewe. Anaujua mlolongo tangu ulipotumika katika uchaguzi wa nchi mwaka themanini na nane.

"Nilisimama mlolongo mrefu, akatangazwa wa mlolongo mfupi," anasema. "Nikarudi kwangu nikapika. Sasa serikali yenyewe iliuacha zamani. Rais namchagua ndani ya sanduku hakuna anionaye. Mwenyekiti wa mwani nimchague kwa mgongo?"

Kuchagua kwa mgongo kulikuwa na hatari yake, kwa sababu mgongo huonekana. Miaka miwili iliyopita, Twaiba aliuliza mbele ya watu kwa nini uchaguzi usisogezwe. Bamvua iliyofuata alipeleka magunia yake ghalani yakarudishwa. "Mwani wako una maji," akaambiwa. Akaanika tena siku mbili, akarudi nao. Una maji. Mara ya tatu jirani yake, Concepta, aliyapeleka magunia yale yale kama yake, yakapokelewa bila neno.

Mzee Boga hakubali kwamba ilikuwa adhabu. "Mwani ukiwa na maji una maji," aliniambia nyumbani kwake, akiwa amekaa kwenye kile kiti cha buluu. "Huo mzani haujui mtu."

Lakini Mkwajuni maneno yale yalishageuka methali. Mwanamke akisema sana, wenzake humwonya: angalia, utakuwa na maji.

Concepta si mzaliwa wa pwani. Alitoka Kitui kuja kufanya kazi ya chumba katika hoteli moja ya Diani, hoteli ikafungwa, yeye akabaki. Ndiye anayesoma haraka zaidi kati yao. Twaiba aliishia darasa la sita na husoma polepole, kwa kidole. Mwezi wa Shaaban mwaka huu, wakati wa maji mafu, alimwomba Concepta amsomee katiba nzima, ukurasa kwa ukurasa, huku wakigeuza mwani juani.

"Nilitaka kujua unabadilishwaje ule mstari," Twaiba anasema.

Walichokipata kiliwavunja moyo. Katiba hubadilishwa na theluthi mbili ya wanachama, yaani watu arubaini na sita. Na inaweza kubadilishwa katika mkutano mkuu tu. Mwezi tatu. Saa nne.

"Nilimwambia, Twaiba, hapa tumeshikwa," anakumbuka Concepta. "Ili tusikose bahari siku ya uchaguzi, lazima kwanza tukose bahari. Nani ataacha mavuno yake? Mimi mwenyewe nilikuwa na kamba thelathini zimeiva. Hata mimi singekuja, wacha niseme ukweli."

Twaiba aligeuza shada moja la mwani. Alimwomba asome tena. Concepta akasoma tena. Akamwomba mara ya tatu.

"Nikamuuliza, wewe unatafuta nini kwa hii karatasi? Akaniambia, natafuta mahali. Nikamwambia, mahali gani? Akasema, pameandikwa siku, pameandikwa saa. Pameandikwa wapi?"

Concepta alirudia karatasi kutoka mwanzo hadi sahihi za mwisho. Hapakuandikwa mahali pa kufanyia mkutano.

Ramadhani ile, baada ya futari, Twaiba alikwenda kwa ami yake na bakuli la tende na barua iliyotiwa sahihi na vidole gumba vya wanawake hamsini na wanne. Waliomba mkutano mkuu ufanywe siku yake na saa yake, kama katiba inavyotaka. Ila ufanywe shambani. Baharini.

Anakumbuka mazungumzo neno kwa neno.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni nini?"

"Ni barua."

"Naiona ni barua. Nimekulea nikikubeba, leo waniletea barua?"

"Ningekuja na maneno matupu ungesema nimeyatoa kwangu. Hii ina vidole vya watu."

Mzee aliisoma yote. Kisha akauliza kama wao wamemfanya yeye pweza. Akasema hakuna mkutano usiokuwa na kiti.

"Kiti tutakubebea, ami," Twaiba akamjibu.

Anasema usiku huo hakulala. Si kwa hofu ya mzani. "Nilikuwa nawaza, huyu ni baba yangu sasa. Marehemu baba angekuwepo angenipiga kofi au angeniambia nimefanya sawa? Mpaka leo sijui."

Mzee Boga angeweza kukataa. Alikwenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii anayesimamia vikundi, akitaraji kusaidiwa. Afisa alisoma katiba, akasema haoni kosa.

Mwezi tatu ulifika. Saa nne kasoro robo, wanawake walikuwa tayari shambani, wameanza kuvuna. Afisa alivua viatu, akakunja suruali, akaingia. Nyuma yake wakaingia wanaume sita wa kikundi. Wanawake wawili walitangulia na kiti cha buluu kichwani. Concepta alibeba katiba na daftari la majina ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Twaiba alikuwa kwenye kamba zake akitazama ufuo. Mwenyekiti hakuonekana.

"Nilisema, basi, imekwisha. Hatakuja, na bila yeye watasema mkutano haukuwa mkutano. Nikaendelea kufunga mbegu. Ningefanya nini?"

Saa nne na dakika kumi alitokea, amevaa kanzu ya Idi. Alisimama ukingoni mwa maji kitambo. Kisha akarudi nyuma ya ghala, na alipotoka tena alikuwa amevaa suruali kuukuu.

Walimwekea kiti katikati ya mashamba. Alipokikalia, miguu miwili ya nyuma ikazama mchangani, naye akainuka haraka, amelowa mpaka kiunoni. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Bi Zainabu peke yake alisema, "Pole, Mwenyekiti. Huku sote husimama."

Mkutano ukaendelea hivyo, mwenyekiti amesimama kama wengine. Aliyezoeleka kwa hotuba za saa mbili alizungumza dakika tano, kwa sababu maji yangerudi kabla ya adhuhuri. Wanawake walisikiliza huku mikono ikivuna. Concepta alisoma pendekezo: uchaguzi uhamishiwe maji mafu, na kura ipigwe kwa karatasi ndani ya ndoo iliyofunikwa.

Afisa aliuliza wanaokubali. Mikono ikainuka, mingi ikiwa bado imeshika mwani unaochuruzika. Alihesabu mara mbili. Hamsini na watatu.

Akauliza wanaopinga. Hakuna mkono. Watu wote wakamtazama Mzee Boga. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika suruali isilowe zaidi.

"Sikupinga," aliniambia. "Wala sikukubali. Nilishika suruali." Kisha akacheka mwenyewe, kicheko kifupi cha mtu asiyetaka kuonekana anacheka.

Nilimuuliza kama ana uchungu na binti wa nduguye. 

"Wanasema nimekaa sana. Ni kweli nimekaa. Lakini ile siku hatukuichagua ili watu wasije. Tuliichagua ili waje. Mambo yakageuka, mimi sikuona. Au niliona, sikusema. Kwa nini niseme? Kila mwaka wa uchaguzi nilishinda." Akapangusa mkono wa kiti chake. "Nilikuwa sijaingia kule miaka tisa. Niliona jiwe nililoliweka mwenyewe mwaka wa kwanza, la kumwonyesha Twaiba mpaka wake. Bado liko pale pale. Nilidhani limechukuliwa zamani."

Uchaguzi utafanyika siku sita kutoka leo, mwezi ishirini na mbili, maji yakiwa mafu. Wagombea ni wawili. Mzee Boga anatetea nafasi yake, na alama yake kwenye karatasi ni kiti. Mpinzani wake ni Warda, mwanamke wa miaka thelathini na minne anayesimamia vichanja vya kuanikia, ambaye ameahidi mzani utolewe ghalani uwekwe nje, kila mtu auone ukisoma. Alama yake ni ndoo.

Nani atashinda, hakuna anayejua. Hilo peke yake ni jambo geni Mkwajuni. Kisimani wanawake wanabishana. Wengine wanasema miaka kumi na sita yatosha. Wengine wanasema mzee amewalea, na ameingia majini na nguo zake, aachwe amalizie. Bi Zainabu akiulizwa anaimba.

Wapo waliotaka Twaiba mwenyewe agombee. Alikataa.

"Mimi sikutaka kiti," anasema. "Nilitaka siku. Ningegombea, kila mtu angesema, aa, kumbe ni hilo. Na ami angekuwa na haki ya kusema mwanawe alimchimbia shimo."

Na kura yake atampa nani, ami au Warda? Twaiba anafunga shada, anakaza fundo, anasogea hatua moja mbele kwenye kamba.

"Jana ami alipita kwangu. Alikaa, akanywa chai. Akaniuliza swali hilo hilo."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwongeza chai."

Saa sita kasoro dakika chache maji yanaanza kurudi. Yanapita kwanza kwenye mikondo kati ya mashamba, kisha yanapanda juu ya kamba, moja baada ya nyingine. Mzigo wa Twaiba umejaa. Anaufunga kamba kiunoni na kuuvuta kuelekea nchi kavu, ukielea nyuma yake. Gunia likiwa majini ni jepesi. Uzito wake huanza ukingoni.

Pale ukingoni anasimama, anavua raba na kumimina maji. Kazi iliyobaki ni ya juani, kuanika na kugeuza, kwa siku tatu au nne. Amepiga hesabu ya mwezi. Mwani huu utakuwa umekauka kabla ya siku ya kura, na atakapoupeleka ghalani baada ya hapo, atajua kama bado una maji.

Nauliza siku hiyo ya kura ataianzaje. Anakung'uta raba zake.

"Nitaoga maji ya kisima, nitoe chumvi yote. Nitavaa leso kavu, ile ya Idi," anasema. "Miaka yote habari za uchaguzi zilinikuta nimelowa. Nataka safari hii nifike na miguu mikavu, nipange foleni na wenzangu, niingie mle ndani mwa kupigia kura peke yangu."

Anageuka kutazama alikotoka. Bahari imeshafika kwenye jiwe la mpaka. Kinaonekana kichwa chake tu, cheupe, kisha hakionekani.